Moshi Mweupe wa Nyahururu

Dereva wa shule yetu hakupenda mtu mwingine aguse gari. Hata mwalimu mkuu akisahau faili kwenye kiti cha mbele, alimtuma mtu amwite dereva aje afungue mlango. Lilikuwa gari la dizeli, kijani kilichochujuka kwa jua, lenye viti viwili virefu vya ubavuni huko nyuma. Kila siku, baada ya swala ya alfajiri, nililisikia nikiwa nyumba za walimu: alipiga stata mara moja, fupi, na injini ikashika papo hapo. Kwa miaka mitatu niliyofundisha pale Garissa sikuwahi kusikia stata ya pili.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu katika shule ya wasichana, mjini nilikozaliwa. Dereva alikuwa mzee wa Mandera, mrefu, ndevu amezitia hina, mtu aliyeendesha malori ya mizigo kati ya Mandera, Wajir na Garissa tangu mimi sijazaliwa. Nilimwita adeer, yaani ami, naye akaniita adeer vilevile. Kwetu neno hilo huenda na kurudi: mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile la undugu analoitwa yeye. Tulizungumza Kisomali mimi na yeye, na maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili. Kiswahili chake mwenyewe alikiweka kwa ajili ya polisi wa vizuizini na wageni wa ofisini.

Katikati ya miaka ile ya tisini, wasichana wetu kumi na mmoja walishinda mkoani kwa buraanbur, ushairi wa wanawake unaoimbwa kwa ngoma na makofi. Wakatakiwa kwenda Nyahururu, kwenye mashindano ya shule kutoka mikoa mbalimbali. Wazazi walikubali kwa sharti moja, kwamba mwalimu wa kike anayewajua aende nao, na mwalimu huyo nikawa mimi. Ilikuwa mwezi wa Julai. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na sweta la maana, kwa maana nani alikuwa akiuza masweta Garissa?

Tuliondoka alfajiri. Kwenye daraja la Tana polisi walikagua vitambulisho, wakahesabu wasichana mara mbili, wakatuachia. Mpaka Mwingi dereva alikuwa mchangamfu. Juu ya dashibodi alikuwa amefunga feni ndogo ya plastiki iliyompulizia usoni, na kila tulipopunguza mwendo aliielekeza vizuri kwa kidole, kama mtu anayemweka mtoto sawa mgongoni. Baada ya Thika aliizima. Baada ya Nyeri alifunga dirisha. Tulipofika Nyahururu jioni, alikuwa amejifunga shuka mbili juu ya koti, na wasichana walikuwa wamekaa wamebanana kama mbuzi kwenye mvua.

Shule iliyotupokea ilitupa bweni tupu na blanketi nzito zilizonuka moshi wa kuni. Mpishi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alituletea githeri. Wasichana waliyatazama yale mahindi na maharagwe kwa heshima, wakala vijiko viwili vitatu, kisha wakamwendea dereva aliyekuwa na chupa mbili za shaah, chai yetu ya maziwa na iliki, aliyotoka nayo nyumbani. Aliwagawia mpaka tone la mwisho, yeye mwenyewe akabaki bila.

Asubuhi, msichana mdogo kuliko wote alitoka bwenini akarudi mbio. "Mwalimu! Tunatoa moshi mdomoni!" Tukatoka wote kutazama. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na kila aliyefungua mdomo alitoa wingu lake. Walisimama wanapuliziana na kucheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa hata mimi niliyekuwa nimesoma habari za mvuke kwenye vitabu sikuwa nimeuona ukitoka mdomoni mwangu.

Tulipaswa kuwa kwenye ukumbi wa mashindano, upande wa pili wa mji, kabla ya saa mbili. Dereva akaingia garini, akasema bismillahi, akapiga stata. Injini ikazunguka na isishike. Akapiga tena. Ikazunguka tena, na nyuma pakatoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Stata ya tatu. Ya nne. Nafikiri ndiyo mara yao ya kwanza kuliona gari lile likikataa, na walimtazama dereva kwa aibu, kama watoto wanaomwona baba yao akifokewa na mtu.

"Betri," dereva akasema. "Baridi imeingia kwenye betri."

"Lakini adeer, stata inazunguka kwa nguvu," nikasema. "Betri ingekuwa imechoka ingezunguka polepole. Nadhani ni joto. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa, ikibanwa inapata moto, na moto huo ndio unaowasha dizeli. Sasa chuma chote kimelala kwenye baridi, kinanyonya ule moto kabla..."

"Adeer," akanikatiza kwa upole, "hiyo ni ya ubaoni. Gari haliko ubaoni. Waambie wasichana washuke wasukume."

Kiwanja cha shule kilikuwa na mteremko mpaka langoni. Wasichana kumi na mmoja, hijabu zao zimefungwa nyuma ya shingo, wengine na ndala, walilisukuma gari juu ya nyasi zilizolowa. Mimi nikasukuma nao. Karibu na lango dereva akaachia klachi, gari likaruka, likakohoa, likakohoa tena, kisha likashika kwa kishindo na kutufunika sote kwa moshi mweupe tusionane. Nilisikia wasichana wakipiga vigelegele ndani ya wingu lile. Tulifika ukumbini tumelowa mpaka magotini, dakika chache kabla ya kufungwa mlango.

Siku hiyo ilikuwa ya kusikiliza tu, kwa kuwa sisi tulipangwa kuimba kesho yake, wa pili asubuhi. Mchana jua lilipotoka gari liliwaka kwa stata moja, na dereva akanitazama kwa jicho la ushindi. "Umeona? Lilikuwa linashangaa mji tu."

Usiku ikanyesha. Asubuhi ya pili mteremko wote ulikuwa tope jekundu, na gari lilikuwa limeegeshwa bondeni karibu na jiko, kwenye tambarare. Dereva alipiga stata mpaka nikasikia inaanza kuchoka. Moshi mweupe ule ule, na injini haishiki. Akafungua boneti, akaifunga. Akaifungua tena. Kisha akaenda jikoni, akarudi na karai la makaa ya moto, akainama kulisukuma chini ya injini.

"Adeer, hapana!" nikasema. "Kuna dizeli chini, imevuja. Na wasichana wako hapa."

"Kule Wajir nimewaona madereva wa malori wakifanya hivi usiku wa Disemba."

"Umewaona. Wewe ulishawahi kufanya?"

Alibaki amechuchumaa, karai mbele yake, mikono ameitandaza juu ya makaa. Nikaelewa kwamba alikuwa anahisi baridi, na alikuwa na haya, na hakujua lipi lilikuwa baya zaidi. Nikatamani nisingesema lile neno la mwisho.

Mpishi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ametazama yote hayo kutoka mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. "Nyinyi mnamtesa mzee bure," akasema. "Kaka yangu ni fundi, hapo nyuma ya soko. Ngojeni niende nimwite." Akaondoka vile vile na aproni yake.

Fundi alikuja anatembea bila haraka, mzee wa kofia ya sufu, kisanduku cha spana begani. Niliposikia jinsi alivyoanza, mimi mwalimu niliona wivu. Hakugusa chochote. Aliuliza kwanza.

"Stata inazunguka haraka ama pole?"

"Haraka," dereva akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, p inageuka b na v inageuka f. "Betri iko fizuri. Bambu ya dizeli iko fizuri. Gari hii haina shida, fundi, ni baridi tu."

"Moshi unatoka?"

"Mingi sana."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Hapo sawa. Moshi mweupe ni dizeli imefika lakini haijaungua. Kwa hivyo dizeli iko, ni moto ndio hakuna. Mchana inawaka?"

"Mara moja!"

Fundi akanigeukia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa natikisa kichwa. "Mwalimu, umewahi kushika pampu ya baiskeli ukimaliza kujaza upepo?"

"Inakuwa moto," nikasema.

"Basi ndani ya injini ni hivyo. Lakini huku kwetu asubuhi chuma ni baridi na hewa ni nyepesi, pampu haipati moto wa kutosha. Ndiyo sababu gari ina hita. Zile plagi nne ndogo zinapasha moto kwanza, kabla ya stata. Mzee, ukiwasha ufunguo, taa ya hita inawaka hapo mbele?"

Dereva alisema taa hiyo ilikufa zamani. Fundi akaingiza kichwa chini ya boneti, akaushika waya mmoja mnene, akaufuata kwa vidole kutoka kwenye betri, polepole, kama mtu anayefuata mshipa wa damu mkononi. Waya ulipenya bati lililo nyuma ya injini, ukaingia ndani ya gari. Fundi akazunguka, akalala chali chini ya usukani. Tulisikia anahema. Kisha akaanza kucheka, akiwa bado amelala pale.

"Mzee," akasema, "huu waya wa hita umefungwa kwa feni."

Dereva alitazama mteremko. Alitazama jiko. Mwishowe akanigeukia na kuniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya chini: "Adeer, ni mimi. Kiangazi kile kikubwa. Nilikuwa naendesha kwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo kila wiki na vitabu, jua linanipiga usoni, jasho linaingia machoni, barabara siioni. Nikauliza, waya huu ni wa nini? Fundi wa mjini akaniambia ni wa kupasha injini moto." Akafungua mikono yake miwili. "Kupasha moto, Garissa! Nikaona Mwenyezi Mungu ameshatupa hita ya bure juu ya vichwa vyetu. Nikaukata, nikaupa feni."

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika ubavu wa gari. Wasichana walioelewa wakawaeleza walio nyuma, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Dereva mwenyewe alikaza uso kidogo, kisha ndevu zake nyekundu zikaanza kutikisika. "Wallahi," akasema, "ilikuwa feni nzuri."

Fundi akaurudisha waya mahali pake. Lakini hakuishia hapo. Alifungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha plagi nne, akachukua waya mwingine kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye kichwa cha kila plagi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilitoa cheche ndogo. Ya pili, kimya. Ya tatu cheche, ya nne kimya.

"Hizi mbili zimekufa," akasema. "Pengine zilikufa miaka mingi. Joto la kwenu lilikuwa linawafichia ugonjwa."

Maneno hayo niliyaandika jioni ile kwenye daftari la maandalio ya masomo, na kwa miaka kadhaa niliyatumia darasani. Fundi alikuwa na plagi mbili zilizotumika kwenye kisanduku chake. Ilimbidi aupinde kando mpira mmoja wa dizeli ili aifikie ile ya nyuma, akaifunga, akasafisha mikono kwa kitambaa. Dereva akaketi. "Washa ufunguo, usipige stata bado," fundi akamwambia. "Hesabu mpaka ishirini." Dereva alihesabu kwa Kisomali, na wasichana wakahesabu pamoja naye kwa sauti. Kwenye ishirini akapiga. Injini ikashika, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Tulifika ukumbini nafasi yetu imeshapita. Niliwasihi waamuzi, wakakubali kutusogeza mwisho kabisa, baada ya chakula cha mchana. Ilipofika zamu yetu nusu ya viti vilikuwa vitupu na waamuzi wawili walikuwa wanakusanya karatasi zao. Wasichana walisimama, yule mkubwa akaanza ngoma, wengine makofi, na beti zikaanza kupanda. Katikati ya shairi mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wapishi wa shule yenye ukumbi ule, waliokuwa wakiosha masufuria, waliingia mmoja mmoja wakijifuta mikono, wakasimama ukutani. Lugha hawakuijua. Mpaka ubeti wa mwisho walikuwa katikati ya ukumbi wanacheza, na wasichana wetu wanaimba kwa nguvu zaidi kwa ajili yao. Hatukupata nafasi yoyote. Sikumsikia msichana hata mmoja akilalamika. Waliporudi bwenini walikuwa wanaiga vile yule mpishi mrefu alivyotikisa mabega.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya kurudi nyumbani. Miaka ile hakuna aliyependa kuwa barabarani baada ya Mwingi jua likishazama, kwa hofu ya majambazi, na vizuizi vya polisi vilifungwa mapema. Dereva alikuwa amepiga hesabu ya safari: tukiondoka saa kumi na mbili tutalala nyumbani, tukichelewa zaidi ya saa mbili tutalala njiani. Wasichana wakapakia mizigo gizani, wakaingia, wakajifunika.

Dereva akawasha ufunguo, akahesabu mpaka ishirini na tano kwa kuongeza dozi, akapiga stata. Ilizunguka vizuri, kwa nguvu, lakini injini haikushika. Akarudia. Haikushika. Alipumua kwa nguvu, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. "Huyo mzee ametudanganya," akasema. "Plagi zake kuukuu zimekufa zote."

Nilikuwa nimesimama nje, mikono kwapani. Nilijua kwamba kuna kitu hakiko kama jana, na ilinichukua muda kujua ni nini. Hewa nyuma ya gari ilikuwa safi, yenye harufu ya majani mabichi tu.

"Adeer," nikaita, "piga tena, mara moja tu."

Akapiga. Nikainama kwenye ekzosi. Hakuna kitu.

"Moshi uko wapi?" nikauliza.

"Moshi gani?"

"Moshi mweupe. Jana na juzi ulikuwepo mwingi. Leo hakuna hata kidogo."

Akatoka garini, akaja akainama pembeni yangu, akaweka kiganja mbele ya ekzosi kana kwamba moshi ungeweza kujificha asiuone. Tukatazamana. Nikaona anaanza kufikiri, na mimi nilikuwa nafikiri kwa sauti. "Fundi alisema moshi mweupe ni dizeli iliyofika isiungue. Basi kama hakuna moshi wowote..."

"Dizeli haijafika," akamaliza yeye.

"Haijafika. Safari hii si hita."

Hakusema tena habari za ubaoni. Alifungua boneti, nami nikamshikia tochi. Juu ya chujio la dizeli kuna kitufe cha kupampu kwa mkono, na alipokibonyeza kikazama chote bila ubishi. "Ni kitupu," akasema. "Kinatakiwa kiwe kigumu. Dizeli imerudi kwenye tangi usiku. Mahali fulani panaingia hewa." Kuanzia hapo lilikuwa jambo lake, la mtu aliyewahi kukwama peke yake kati ya El Wak na Mandera akatoka. Alilegeza skrubu ndogo, akapampu, na pembeni mwa skrubu pakatoka mapovu. Kisha akaniambia nipitishe mwanga polepole kwenye ule mpira wa dizeli, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Nikauona mimi. Mwishoni, pale ulipobanwa na klipu, ulikuwa na mpasuko mwembamba kama mstari wa kalamu, umelowa. Ndio ule mpira fundi alioupinda jana. Sidhani kwamba alikosea, kwani jua letu lilikuwa limeukausha kwa miaka, na kupindwa mara moja tu kulitosha.

Dereva akatoa kisu mfukoni, akaukata mpira pale juu ya mpasuko, urefu wa ncha ya kidole, akausukuma tena mahali pake na kuubana klipu. Akapampu. Mapovu, mapovu, mapovu machache, kisha dizeli tupu ikatiririka kwenye vidole vyake. Kitufe kikawa kigumu. Akafunga skrubu.

"Kaa wewe," akaniambia.

"Mimi?"

"Ingia. Washa ufunguo, hesabu ishirini, upige. Nataka nisikilize kutoka hapa mbele."

Sikuwahi kuketi kwenye kiti kile. Wasichana nyuma walitoa vichwa kwenye blanketi. Nikahesabu, nikapiga, na kwa stata moja injini ikashika chini ya miguu yangu. Dereva alisimama mbele ya boneti ameinamisha kichwa, sikio upande mmoja, akisikiliza. Kisha akainua kidole gumba. Mpishi alitoka jikoni na chupa mbili za dereva amezijaza chai, akamkabidhi dirishani akisema, "Mzee, hii haina iliki, utanisamehe." Tuliondoka kabla ya saa moja, na kabla ya magharibi tulikuwa tumevuka daraja la Tana.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, dereva alikuja nyumba za walimu akabisha. Alikuwa amejifunga macawis safi, kikoi chetu, na kofia ya kufuma kichwani. Alisema ameshazungumza na mwalimu mkuu. "Mtu anayejua gari linaumwa wapi," akasema, "si haki akae kiti cha abiria maisha yake yote. Njoo nikufundishe."

Wanawake waliokuwa wakiendesha gari Garissa wakati ule ungewahesabu kwa vidole, na wengi wao walikuwa wageni wa mashirika. Alinipeleka kwenye uwanja mpana wa mchanga nyuma ya mtaa wa Iftin, mahali ambapo mashahidi wetu walikuwa punda wa maji na vijana wa mpira. Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Nikikosea gia alifumba macho na kusoma istighfari. Nikipatia, hakusema kitu, alitoa tu mkono dirishani akapigapiga mlango mara mbili kwa kiganja. Watu walisema waliyosema. Shangazi yangu mmoja alikuja nyumbani kumuuliza mama kama amesikia binti yake anafanya nini huko uwanjani. Mama, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alimjibu kwamba amesikia, na kwamba anangojea tu nihitimu.

Kweli alikuwa akingojea. Siku niliyopata leseni, dereva aliniacha niendeshe mpaka sokoni, yeye amekaa kiti cha pembeni. Mama alikuwa amekaa na mitungi yake mitatu. Hakunipongeza. Aliinuka, akaipakia nyuma mmoja mmoja, akaifunika kwa kitambaa, akamwambia dereva, "Adeer, sogea," kisha akapanda akabanana naye pale mbele. "Haya," akasema, "twende." Nikawapeleka polepole, mashimo nikiyakwepa, na hakuna hata tone la maziwa lililomwagika.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Wajir. Kisha yakaja mafuriko yale makubwa, barabara zikakatika kwa majuma, na habari za nyumbani zikawa zinafika kwa kuchelewa na kwa mdomo. Nilisikia dereva amestaafu akarudi kwao. Tuliandikiana mara mbili, yaani alimwambia mtu amwandikie, na barua zote mbili ziliuliza kwanza afya ya mama, kisha afya yangu, kisha afya ya gari, kana kwamba mimi ndiye niliyebaki nalo.

Abiria mmoja aliyetoka Mandera ndiye aliyeniletea habari za dereva, adhuhuri moja, mbele ya duka lililo karibu na shule. Alinieleza kwamba mzee aliugua siku chache tu na alizikwa siku ile ile alipofariki, na kwamba alikuwa na watoto na wajukuu karibu naye. Niliuliza kama aliumia sana. Akasema hapana, alilala tu. Nikasoma Innaa lillaahi, nikamwombea dua pale pale kwenye kivuli cha duka, nikamshukuru yule abiria, kisha nikarudi darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imeshagongwa na wasichana walikuwa wananisubiri.